Klarineti Inapokuwa Nzito: Ni Nambari ya Ridi au Ni Kitu Kingine?

Klarineti inapotoa sauti mbaya, mpigaji hukimbilia kuilaumu nambari ya ugumu iliyochapishwa kwenye ridi, yaani kile kipande chembamba cha tete kinachotikisika kinywani na kutoa sauti. Sauti ikiwa nyembamba hununua ridi ngumu zaidi, ikiwa nzito hununua laini zaidi, na baada ya miezi michache mkoba wake hujaa ridi za kila nambari huku tatizo likiwa palepale. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unaanza na dalili ambazo sikio na midomo huzitambua, kisha unauliza ni visababishi gani vinavyoweza kuleta dalili hizo, na unauweka uamuzi wa kubadili nambari mwisho wa safari, baada ya kuviondoa visababishi vingine ambavyo karibu vyote ni rahisi kurekebisha kuliko kununua boksi jipya. Mifano yote ni ya klarineti ya kawaida ya B-flati, ile ambayo wanafunzi wengi huanza nayo.

Nambari inapima nini

Ridi huchongwa kutoka kwenye bua la tete ambalo jina lake la kitaalamu ni Arundo donax, na mashamba yake yenye sifa kubwa yako katika eneo la Var, kusini mwa Ufaransa, karibu na Bahari ya Mediterania. Kiwandani, ridi zote za modeli moja huchongwa na mashine kwa umbo na unene uleule, kisha kila moja hubonyezwa karibu na ncha kwa kifaa kinachopima nguvu inayohitajika ili ipinde. Inayopinda kwa urahisi hupewa nambari ndogo, na inayokaidi hupewa nambari kubwa. Kwa hiyo ile imani iliyoenea kwamba ridi nambari 4 ni nene kuliko nambari 2 ya modeli hiyohiyo si sahihi. Unene ni mmoja. Kinachotofautiana ni ukakamavu wa bua lenyewe.

Kutokana na hilo, ridi 10 zilizomo katika boksi moja la nambari 3 haziwezi kulingana kabisa, kwa sababu nambari moja hubeba kundi zima la ridi, kuanzia zile zilizopita kwa shida mpaka wa chini wa kundi hadi zile zilizobaki kidogo tu zihesabiwe kuwa 3.5. Vilevile kila mtengenezaji ana kipimo chake. Ridi ya Vandoren ya modeli ya Traditional yenye nambari 2.5 inakaribiana kwa ugumu na ridi ya kawaida ya Rico yenye nambari 3, kwa hiyo anayehama kutoka kampuni moja kwenda nyingine bila kujua hilo hudhani kwamba midomo yake imedhoofika ghafla. Hata ndani ya kampuni moja modeli hazifanani: Traditional ina kitako (ile sehemu nene ya chini ya ridi) chenye unene wa milimita 2.8 na ncha ya milimita 0.09, wakati V12 ya kampuni hiyohiyo ina kitako cha milimita 3.15 na ncha ya milimita 0.10, na mpigaji huzihisi tofauti hata zinapokuwa na nambari moja. Mtu anayesema tu kwamba anatumia nambari 3, bila kutaja kampuni na modeli, amesema nusu ya habari.

Nusu nyingine iko kwenye kipulizio, yaani kile kipande cha juu kinachoingia kinywani na ambacho ridi hufungwa juu yake. Kati ya ncha ya ridi na ncha ya kipulizio kuna uwazi mdogo, na upana wa uwazi huo ndio unaoamua ridi ipinde umbali gani kabla ya kuufunga mlango wa hewa. Kipulizio cha Yamaha 4C, ambacho wanafunzi wengi huanza nacho, kina uwazi wa takriban milimita 1.05, Vandoren 5RV kina 1.065, Vandoren B45 kina 1.195. Kwa macho tofauti hiyo haionekani, lakini kwa midomo ni kubwa sana. Uwazi ukiwa mpana, ridi ngumu huwa mzigo; uwazi ukiwa mwembamba, ridi laini hujibana na kunyamaza. Ndiyo maana wapigaji wawili wenye uwezo sawa wanaweza kutumia nambari tofauti na wote wakawa sahihi, na ndiyo maana ninaona ni kosa kwa kiongozi wa bendi kuwaamuru wanafunzi wote wahamie nambari 3 kwa siku moja kana kwamba ni sare.

Ukaguzi wa kwanza kabla ya kuilaumu nambari

Tazama kwanza ridi ilivyokaa. Ukikiangalia kipulizio kwa mbele, ncha ya ridi inapaswa kulingana na ncha ya kipulizio, au kukiacha kipulizio kionekane juu yake kwa unene wa unywele tu, na kingo za pande mbili ziwe na nafasi sawa. Ridi iliyosogea kushoto au kulia huleta milio ya ghafla. Iliyopanda juu mno huwa ngumu. Iliyoshuka chini mno huwa laini na yenye mlio wa kupaparika. Kisha angalia kibanio kinachoishikilia. Skrubu za kibanio zinapaswa kukazwa kiasi cha kuizuia ridi isisogee, si zaidi ya hapo, na ile ya juu iwe legevu kidogo kuliko ya chini, kwa kuwa ridi iliyokabwa haiwezi kutikisika kwa uhuru.

Baada ya hapo fanya jaribio la kufyonza. Lowesha ridi, ifunge, ziba tundu la chini la kipulizio kwa kiganja, fyonza hewa kwa nguvu kupitia ncha, kisha kitoe kipulizio kinywani bila kuondoa kiganja. Ridi iliyokaa vizuri hubaki imenata kwa sekunde chache, halafu huachia kwa mlio mdogo. Ikiachia papo hapo, hewa inapita mahali isipotakiwa, na kisababishi huwa ama upande bapa wa ridi umepinda, ama meza ya kipulizio, yaani uso bapa ambao ridi hulala juu yake, imeharibika. Ridi inayovuja hivyo itaonekana ngumu hata kama ni nambari 2, na mpigaji anayehukumu kwa hisia ya midomo pekee atashuka nambari bila sababu.

Dalili: sauti ina pumzi nyingi na ala inachosha

Hii ndiyo dalili inayoletwa mara nyingi zaidi, na ndiyo yenye visababishi vingi zaidi. Mpigaji husikia mvumo wa hewa pembeni mwa noti, hutumia nguvu nyingi ili noti ianze, hewa humtoroka kwenye pembe za mdomo baada ya muda mfupi, na akimaliza mazoezi huwa na alama za meno ndani ya mdomo wa chini. Hisia ya kwanza ni kwamba ridi ni ngumu kupita kiasi. Inawezekana, lakini kuna maswali ya kuuliza kwanza.

Ondoa ala yote, ubaki na kipulizio na kile kipande kifupi kinachokifuata, ambacho umbo lake ni la pipa dogo. Puliza noti ndefu kwa nguvu ya wastani huku programu ya kupimia tuni ikiwa imefunguliwa kwenye simu. Kwa klarineti ya B-flati, vipande hivyo viwili vinapaswa kutoa sauti inayokaribia F-shapu ya piano. Ikiwa sauti ni safi na iko mahali hapo, kisha ala nzima inakuwa nzito unapoiunganisha tena, ridi haina hatia na unapaswa kutafuta uvujaji kwenye mwili wa ala. Ikiwa pumzi inasikika hata kwenye vipande hivyo viwili, tatizo liko kwenye ridi, kwenye kipulizio au kwenye midomo yako. Sauti ikiwa juu ya F-shapu, kuna uwezekano mkubwa kwamba unauma, na mtu huuma ama kwa mazoea, ama kwa sababu ridi ni ngumu na taya limegeuka kuwa koleo la kuisogeza karibu na kipulizio.

Uvujaji wa mwilini hupatikana hivi. Chukua kipande cha juu cha ala peke yake, funika matundu yake kwa vidole kama unavyofanya wakati wa kupiga, ziba tundu la chini kwa kiganja cha mkono mwingine na ufyonze hewa. Mvuto unapaswa kubaki. Ukipotea, kuna pedi (kifuniko laini cha tundu) isiyofunga, skrubu iliyolegea, au ufa. Klarineti nyingi za daraja la juu hutengenezwa kwa mpingo, mti ambao Tanzania na Msumbiji ndizo zinazojulikana zaidi kwa kuuza mbao zake kwa watengenezaji wa ala za Ulaya, na pamoja na ugumu wake wote, mpingo hupasuka unapokaushwa na kuloweshwa kwa ghafla. Ufa mwembamba unaokata tundu la noti huiga kikamilifu dalili za ridi ngumu: noti za chini hukataa kutoka, za juu hutoka kwa shida, na mpigaji hujiona amepungukiwa na pumzi. Hakuna nambari ya ridi inayoweza kuziba ufa.

Ala ikiwa nzima, rudi kwenye ridi. Ishushe kidogo mno kwenye kipulizio, chini ya nusu milimita, halafu upige tena. Kushusha hulainisha. Ikiwa uzito umepungua waziwazi na pumzi imetoweka, ridi hiyo ilikuwa ngumu kwa kiasi kidogo tu, na huenda siku chache za kuizoeza zikaimaliza tofauti hiyo. Ikiwa hakuna kilichobadilika, jaribu ridi nyingine za boksi lilelile. Ridi mbili au tatu nzito kati ya 10 ni jambo la kawaida. Zote 10 zikiwa nzito, na zote zikiwa zimepita jaribio la kufyonza, ndipo ushuke nusu nambari; usishuke nambari nzima, kwa kuwa hatua hiyo mara nyingi humtupa mpigaji upande wa pili wa tatizo.

Hapo anayenunua ridi moja moja dukani yuko katika hali ngumu kuliko anayenunua boksi. Ridi moja haisemi lolote kuhusu nambari yake, kwa sababu hujui iliangukia upande gani wa kundi. Fedha zikiruhusu, nunua boksi. Zisiporuhusu, nunua angalau tatu za nambari, kampuni na modeli moja kabla ya kutoa hukumu.

Dalili: sauti ni nyembamba, inapaparika, na inazimika ukipuliza kwa nguvu

Kinyume cha hali iliyotangulia ni sauti yenye ukali wa nyuki, inayoanza kwa urahisi mno lakini haina mwili. Ukiongeza pumzi ili usikike juu ya tarumbeta za bendi, sauti haikui. Inabanwa na kukatika, kwa kuwa ridi imeshindwa kuhimili hewa na imejifunga kwenye kipulizio. Tuni nayo hushuka. Jaribio lake ni rahisi: piga G ya wazi, ile isiyofunikwa tundu lolote, anza polepole na uikuze hadi sauti ya juu kabisa huku ukitazama kipimo cha tuni. Klarineti yoyote hushuka kidogo inapopigwa kwa nguvu, na hilo ni tabia ya ala. Sindano ikianguka kwa kiasi kikubwa, au noti ikikatika kabla hujafika juu, ridi ni laini kuliko kipulizio kinavyohitaji.

Kabla ya kupanda nambari, uliza ridi hiyo ina umri gani. Ridi ni bua lililokatwa, na mate pamoja na mtikisiko huzimaliza nyuzi zake taratibu, kwa hiyo ridi nambari 3 iliyopigwa kila siku kwa wiki kadhaa inaweza kuwa dhaifu kuliko nambari 2.5 iliyotoka kwenye boksi asubuhi. Dalili ya uchakavu ni kwamba ridi ilikuwa nzuri hapo zamani, na kuharibika kwake kulikuja kidogo kidogo, na mara nyingi ncha yake imegeuka rangi au imekuwa na kingo zilizolika. Mpigaji aliyetumia ridi moja hadi ikafa, kisha akafungua mpya ya nambari ileile, huiona mpya kuwa ngumu isivyovumilika, ilhali kwa kweli midomo yake ndiyo iliyozoea kuibembeleza iliyokufa. Ukiwa katika hali hiyo, vumilia kwa muda na zungusha ridi mpya kadhaa kabla ya kusema lolote kuhusu nambari.

Ridi mpya ambayo ni laini kidogo inaweza kuokolewa kwa kuipandisha unywele mmoja juu ya mahali pake pa kawaida. Kuna pia kifaa maalumu cha kukatia ncha, ambacho huondoa ukingo mwembamba na kuiacha ridi ikiwa ngumu zaidi. Hufanya kazi, lakini kinahitaji mkono mtulivu, na ridi iliyokatwa kupita kiasi haina dawa. Kukata ncha kwa mkasi wa kawaida au kwa wembe huacha ukingo usio na mviringo unaolingana na kipulizio, na mtu hujipatia tatizo la milio ya ghafla juu ya lile alilokuwa nalo.

Ridi mpya zote za boksi zikionyesha dalili hii, panda nusu nambari. Wanafunzi wengi walioanza na nambari 2 au 2.5 kwenye kipulizio cha 4C hufikia hatua hii misuli ya midomo inapokomaa, na hiyo ndiyo sababu halali ya kupanda. Kupanda kwa sababu mwenzako wa kiti cha kwanza anatumia 3.5 si sababu halali. Katika muziki wa jazi wapo wapigaji hodari wanaotumia ridi laini kwenye vipulizio vyenye uwazi mpana, kwa makusudi kabisa, kwa kuwa mchanganyiko huo huwawezesha kuivuta na kuiteremsha sauti kati ya noti moja na nyingine. Huko ugumu wa ridi hauchukuliwi kuwa cheo, na sioni kwa nini uchukuliwe hivyo mahali pengine.

Dalili: noti za juu hazitoki, au zinatoka chini ya tuni

Kitufe cha rejista kinachobonyezwa kwa gumba la kushoto huihamisha noti kutoka rejista ya chini, yaani kundi la noti za chini, hadi noti ya 12 ukihesabu kuanzia ile ya kwanza, na hapo ndipo udhaifu wa ridi hujianika. Piga C iliyo juu ya mistari mitano, yenye mistari miwili ya ziada, kisha uendelee kupanda kutoka hapo. Noti zikitoka kwa urahisi lakini zikiwa chini ya tuni na nyembamba, ridi ni laini. Zikitoka kwa shida, zikiwa na mvumo wa hewa na juu ya tuni, ridi ni ngumu, au unaibana kwa taya. Zisipotoka kabisa, na badala yake ikasikika noti ya rejista ya chini ikinguruma, tatizo huwa ni la mkao wa ulimi na koo zaidi kuliko ridi: ulimi umelala chini kama mtu anayetamka "o", ilhali unapaswa kuinuka nyuma kama anayetamka "i".

Tofautisha hali hiyo na ugumu wa kuvuka kutoka A ya katikati kwenda B inayofuata. Pale vidole huhama kutoka karibu hakuna kitu hadi kufunika matundu yote kwa wakati mmoja, na kidole kimoja kikichelewa au kikiacha mwanya mdogo, noti hukataa. Jaribio ni kuipiga B peke yake, polepole, vidole vikiwa tayari vimetulia. Ikitoka vizuri hivyo, ridi yako haina tatizo. Fanyia mazoezi vidole.

Dalili: milio mikali ya ghafla

Mlio mkali unaomtia mpigaji aibu mbele ya watu mara chache hutokana na nambari. Kwa mwanafunzi, kisababishi cha kwanza ni kidole kilichogusa kitufe cha pembeni au kilichoacha tundu wazi. Cha pili ni kuingiza kipulizio kingi mno kinywani. Cha tatu ni ridi iliyokaa upande au yenye mpasuko kwenye ncha. Ipandishe ridi kwenye mwanga uitazame: ufa mdogo kabisa unatosha kuihukumu.

Ridi isiyo na ufa inaweza kuwa na upande mmoja mgumu kuliko mwingine. Kigeuze kipulizio kidogo ili mdomo wa chini uubane upande wa kushoto wa ridi na kuuacha wa kulia huru, upige G ya wazi, kisha ugeuze upande wa pili na urudie. Upande ambao ukiachwa huru hutoa sauti nzito au ya kukwama ndio mgumu, na huo unaweza kusuguliwa taratibu kwa msasa laini wa namba 600, mara chache tu, pembeni mwa sehemu iliyochongwa, bila kuigusa ncha wala ule moyo ulio katikati. Sugua kidogo, piga, sikiliza, halafu ndipo usugue tena.

Dalili: ridi iliyokuwa nzuri jana leo ni mbaya

Ridi hunywa maji na huyatoa, na kila inapofanya hivyo umbo lake hubadilika. Kwa hiyo ridi moja inaweza kuwa na nambari mbili katika wiki moja bila kosa la mtu yeyote. Mjini Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, ridi hukawia kukauka, huvimba, na huonekana nzito na isiyoitika baada ya kupigwa muda mrefu. Nairobi, ambayo iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, katika miezi mikavu ya Januari na Februari mambo hugeuka: ncha hukauka na kujikunja kama mawimbi, na upande bapa hupinda. Bendi inayosafiri kutoka pwani kwenda bara haipaswi kubeba ridi za nambari moja tu. Wapigaji wengi huziona ridi zao kuwa ngumu zaidi zinapofika kwenye hewa kavu ya miinuko, na kuwa na chache zilizo chini kwa nusu nambari huokoa onyesho.

Ncha iliyokunjamana haihitaji nambari mpya. Iweke ridi kwenye maji safi kwa dakika moja au mbili, kisha uilaze upande wake bapa juu ya kioo na kuilainisha kwa kidole hadi mawimbi yatoweke. Ikiwa upande bapa umepinda na jaribio la kufyonza linashindikana hata baada ya kuiloweka, tandaza msasa laini juu ya kioo, uisugue ridi kwa mizunguko michache myepesi huku ukibonyeza kitako na sehemu ya kati, si ncha, na ujaribu tena. Ridi iliyoloweshwa kupita kiasi nayo iache ipumzike hadi kesho yake. Kuendelea kuipiga ikiwa imelowa chepechepe ni kuimaliza.

Kinga ya tatizo hili ni kuzoeza ridi mpya polepole. Siku ya kwanza ipige dakika tano hivi, kwa sauti ya wastani, bila kwenda kwenye noti za juu kabisa. Siku zinazofuata ongeza muda taratibu. Kuwa na angalau ridi nne zinazopokezana, na uziandike kwa penseli kwenye kitako, kwa herufi au tarehe, ili ujue ipi ilipigwa jana. Baada ya kupiga, ifute ridi, uiweke kwenye kifuko chake chenye uso bapa, wala usiiache juu ya kipulizio hadi kesho. Kwa anayeishi pwani, kifuko hicho kisizibwe kabisa wakati ridi zikiwa bado na maji, kwa kuwa ukungu hupenda giza na unyevu. Ridi yenye madoa ya ukungu hutupwa, hata ikiwa ilikuwa ndiyo bora kuliko zote.

Dalili: ulimi unachelewa

Katika vifungu vya noti fupi za kasi, ridi ngumu huchelewa kuanza kutikisika na kila noti huja na pumzi kidogo mbele yake, wakati ridi laini huitika upesi lakini mwanzo wa noti huwa na mlio wa kugonga. Ikiwa dalili hii iko peke yake, bila ile ya uchovu wala ile ya wembamba wa sauti, usiguse nambari. Sababu yake karibu daima ni kwamba hewa husimama kila ulimi unapogusa ridi, badala ya kuendelea kusukuma nyuma yake.

Dalili: kila kitu kilibadilika baada ya kununua kipulizio kipya

Hapa hakuna fumbo. Aliyetoka kwenye 4C na kuhamia B45 ameongeza uwazi kwa takriban milimita 0.145, na ridi aliyokuwa akiipiga kwa raha sasa inamtaka aifunge kutoka mbali zaidi. Ajaribu kushuka nusu nambari kwanza. Anayehamia kipulizio chenye uwazi mwembamba zaidi atahitaji kupanda. Jambo la kuepuka ni kubadilisha kipulizio, kampuni ya ridi na nambari kwa wakati mmoja, kwa sababu baada ya hapo haiwezekani kujua ni kipi kilicholeta nafuu na ni kipi kilicholeta dalili mpya. Anayeagiza ridi mtandaoni aangalie pia kwamba hajachukua zile zilizochongwa kwa ajili ya klarineti za mfumo wa Kijerumani. Hizo ni nyembamba kwa upana, na hazikai sawasawa kwenye kipulizio cha mfumo wa Kifaransa hata nambari ikiwa ndiyo hasa.

Wapo wanaoukwepa mjadala wote wa unyevu kwa kutumia ridi za plastiki maalumu, kama zile za Légère kutoka Kanada, ambazo huuzwa kwa hatua za robo nambari, yaani 2.25, 2.5, 2.75 na kuendelea. Haziloweshwi, hazijikunji, na zinamfaa sana anayebadilisha kati ya saksafoni na klarineti katika onyesho moja. Ridi moja ya aina hiyo hugharimu kiasi kinachokaribia boksi zima la ridi za tete au kupita hapo, kwa hiyo anayeinunua kwa kubahatisha nambari hupata hasara kubwa kuliko mwenzake. Ajue kwanza, kwa ridi za tete, nambari inayokubaliana na kipulizio chake, kisha atafute kwenye jedwali la mtengenezaji nambari inayolingana nayo.

Anayebadilisha nambari aendelee kuzihifadhi zile za zamani kwa muda, azipige kwa kupokezana na mpya kwa wiki moja, na afanye ulinganisho siku ileile, chumba kilekile, kwa wimbo uleule, kwa kuwa midomo iliyochoka jioni hutoa hukumu tofauti na ya asubuhi. Ridi za boksi ambazo hazijaingia kinywani na zimeonekana hazifai zinaweza kumfaa mpigaji mwingine mwenye kipulizio cha uwazi tofauti, na ni heri apewe huyo kuliko zibaki kwenye mkoba. Zile zilizokwisha kupigwa asipewe mtu mwingine.